Mzee wa Pampu na Mlima wa Chini

Mama mmoja amekuja kwenye kibanda changu mara tatu tangu mvua zianze. Kila mara anakaa kwenye benchi ya wateja, anangoja watu wa foto za pasi waishe, halafu anauliza lile lile: kama zamani, nilipokuwa fotografe wa kwenye kariere, lile shimo la mgodi, niliwahi kumpiga foto bwana yake. Hana hata foto moja. Zile za ukutani walizipasua siku walipomfukuza yule bwana, na ile ya ndoa iliungua pamoja na sanduku. Wajukuu wanauliza babu alikuwa na sura gani, naye anawaonyesha mtu yeyote anayepita, anasema pua ilikuwa kama ile, lakini si ile.

Mara tatu nimemjibu nitatafuta. Sina cha kutafuta. Filimu yenye sura ya bwana yake iko ndani ya Biblia ya marehemu mama yangu, hatua mbili kutoka kwenye benchi anapokaa. Nimeibeba miaka yote hii. Nikimpa, ataniuliza niliipataje, na hilo ndilo linalonizungusha mtaa wote wa Manika, hapa Kolwezi, kwa miguu kama mtu aliyeangusha funguo. Nafunga kibanda, nafungua, nafunga tena. Wateja wanasema fotografe amekuwa na wazimu kidogo. Basi naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kuandika sawasawa nilijifunza ukubwani, kazini, na mtaona kazi hiyo ya kuandika ilifanya nini.

Wakati ule, mwanzo wa miaka ya tisini, kampani ya madini ilikuwa inakufa. Mishahara ilikuja nusu, halafu robo, halafu ikaja habari tu kwamba itakuja. Watu walikata nyaya wakauza shaba yake, na wengine walikuwa wale wale waliozifunga. Pampu za kariere yetu, upande wa Musonoi, zikanyamaza moja baada ya nyingine, na maji yakaanza kupanda shimoni. Hakuna aliyeyazuia. Yalifunika barabara za malori, yakafunika ngazi ya kwanza ya kariere, ya pili, ya tatu, mpaka yakafika chini ya mlima.

Mlima ule hakuuweka Mungu. Ni udongo ambao baba zetu waliutoa shimoni miaka na miaka, malori yakaumwaga pembeni mpaka ukawa na kichwa na mabega, ukaota nyasi. Tulikua tukiuona bila kuutazama. Maji yalipoufikia, mlima ukajiona, na sisi tukauona kwa mara ya kwanza. Ulisimama juu, ukasimama tena chini, kichwa kikielekea tumboni mwa ardhi. Maji yalikuwa ya kijani cha shaba, ila kwenye karatasi ya nyeusi na nyeupe yalitoka kama kioo cha sinema.

Mimi ndiye niliyeanza kupiga pale. Nilikuwa kijana, nina kamera ya patron, bosi wangu, na baiskeli ya baba. Nilijua kwamba maji yanatulia tangu jua linapotoka mpaka kama saa tatu, baada ya hapo upepo unayakunja na mlima wa chini unavunjika vipande. Nilijua kwamba mteja lazima awekwe pembeni, na mimi nipige magoti kabisa, kamera karibu iguse matope, la sivyo kichwa chake kinakata ncha ya mlima. Watu walikuja na suti, na vikwembe, vitenge vipya, na redio kubwa ya kaseti begani hata kama haikuwa na betri. Jumapili walipanga mstari kabla ya misa.

Wengi wao walikuwa watu wetu, wa jimbo la Kasai. Nimezaliwa Kolwezi, baba yangu aliletwa na kampani, lakini wa Kasai anabaki wa Kasai. Watu wetu walipenda foto ile kwa sababu ya ndugu walioachwa kule. Unafunga foto kwenye barua, wanaona yaya, kaka yao mkubwa, amesimama kati ya milima miwili na maji, hawaoni kwamba hajalipwa tangu mwaka jana. Shangazi yangu mmoja alijibu akiuliza ni mlima upi kati ya ile miwili ulio wetu, na kama tunaweza kumtunzia nafasi kwenye ule wa chini, maana anaogopa kupanda.

Patron wangu alikuwa na studio karibu na soko la Manika. Mtu wa hapa hapa Katanga, wa kaskazini, mwimbaji wa kwaya, mcheshi, mikono laini. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Shida ilikuwa moja: barua zilirudi kutoka Kasai zikiomba nakala nyingine, na zilisema tu, tutumieni tena ile ya kaka karibu na maji. Kaka gani? Wote walikuwa karibu na maji. Patron akaamua kila filimu ikatwe, iwekwe kwenye bahasha yake, na juu ya bahasha iandikwe jina, avenyu, namba ya nyumba, na foto inakokwenda. Akanikalisha mezani kama mtoto wa shule. Nilitoa ulimi nje nikiandika. Herufi zangu zilikuwa kubwa, zimesimama mbalimbali, na patron aliwaonyesha wateja: tazameni, hata kipofu atasoma. Nilifurahi. Bahasha zilijaa sanduku moja la sabuni, zimepangwa kwa avenyu, zimefungwa kwa kamba.

Mzee wa pampu, bwana wa yule mama, alikuja siku ya kazi, asubuhi, peke yake. Alikuwa ameendesha pampu za kariere ile tangu mimi sijazaliwa, mpaka siku zilipozimwa. Alivaa koti na tai. Nilipotaka kumsimamisha mahali pa watu wote, akakataa.

"Mulima ya juu mi naijua," akasema. "Tuliimwanga siye benyewe. Unipige na ya chini."

Nikamweleza haiwezekani, kwamba ili mlima wa chini peke yake uingie kwenye kamera, inabidi nisimame juu ya ukingo nielekeze chini, na yeye awe ndani ya maji. Akaitazama suruali yake. Akakaa kwenye jiwe, akavua viatu, akatia soksi ndani, akakunja suruali mpaka magotini.

"Tata, mayi ile inawasha," nikamwambia.

"Iliniwashaka tangu wewe haujazaliwa. Pampu yangu ya mwisho iko pale, chini ya ile ncha. Nataka kusimama juu yake."

Akaingia. Kila hatua yake ilivunja mlima, ikabidi tungoje. Alisimama mikono chini, kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa, na mimi juu ya ukingo nikihesabu mawimbi yanavyokwisha. Nilimwambia asipumue. Akasema nikimuua na koti hili bibi yake ataniuliza mimi. Halafu maji yakatulia, mlima ukarudi kumzunguka, kichwa chini, na yeye katikati, wima. Nikapiga mara moja tu. Sikuhitaji ya pili.

Kule studio nikamuuliza foto inakwenda wapi. Akatazama mlangoni kwanza. Akanitajia dada yake na kijiji chake, karibu na Ngandajika, Kasai.

Nilishangaa. Kwenye avenyu yake, huku Manika, kila mtu alijua kwamba ni wa kaskazini ya Katanga kama bibi yake. Aliishi kwenye kiwanja cha wakwe, alisema lugha yao mpaka akawa anatukana kwa lugha hiyo. Hakuwahi kudanganya. Watu walidhani, naye akawaacha wadhani. Na wakati huo maneno juu ya watu wa Kasai yalikuwa yameshaanza sokoni.

"Andika," akaniambia, "lakini usiseme."

Nikaandika. Jina, avenyu, namba, kwa dada yake, kijiji, Kasai. Na kweli sikusema kwa mtu yeyote, hata mama yangu hakujua.

Sasa nitaje waliohusika na kufukuzwa kwetu, maana siku hizi kila mtu anasema ni matukio, kama vile mvua. Wa kwanza ni wale wakubwa waliosimama kwenye majukwaa na kwenye redio wakasema watu wa Kasai warudi kwao, wakatuita bilulu, wadudu, huku watoto wao wakisoma Ulaya. Wa pili ni vijana wa chama cha wakubwa hao, waliojifunga vitambaa kichwani. Wa tatu ni mwashi, jirani yetu wa Musonoi, aliyekula bukari, ugali, kwetu kila Pasaka, na siku vijana walipoingia kwenye avenyu yetu ndiye aliyeuonyesha mlango wetu, akaonyesha na dirisha, ili tusitokee huko. Mama alichukua Biblia na sufuria. Mimi sikuchukua kitu. Baba alikuwa ameshakufa, na ninashukuru.

Tulikwenda kukaa kwenye gare, stesheni ya treni, pamoja na wengine wote, chini ya shuka na mabati, tukingoja treni. Hakuna aliyelala vizuri wala kukaa vizuri. Ukisikia chuma kimegongwa, watu wote wanasimama na mizigo, halafu wanakaa. Watoto walikufa kwa kuhara. Wanawake walichota maji ya mtaro. Wiki zikapita.

Siku moja akafika mtu wa posta, wa kwetu, aliyefukuzwa siku hiyo. Akatuambia kwamba vijana sasa wanatafuta waliojificha. Wameshapekua barua za posta kuona nani anaandikiana na Kasai. Aliposema barua, nikakumbuka bahasha zetu. Niliona sanduku la sabuni na kamba yake. Waliofukuzwa walikuwa wameshafukuzwa, bahasha zao hazikuwa na la kuongeza. Lakini moja, ya mzee wa pampu, ilikuwa na la kuongeza.

Nikaenda. Mama alinishika shati, nikalivuta. Nilipita nyuma ya nyumba, asubuhi ya jua kali, kila mtoto aliyenitazama nikamwona ni shahidi. Mbele ya studio walipanga mstari vijana wanne wa chama, wamekuja kupigwa foto za kadi. Mmoja alikuwa na rungu la misumari, na patron alikuwa anamwambia kwa upole alishike nyuma ya mgongo, maana kwenye foto ya kadi rungu haliingii. Kijana akatii, akachana nywele.

Patron akaniona.

"Umefuata koti yako?" akasema. "Iko mu chumba. Fanya mbio."

Mmoja wa vijana akauliza huyu ni nani. Patron akajibu: "Ni wa kuleta mayi. Anaoshaka bafoto."

Hapo alinisaidia, siwezi kumnyima. Kama angesema neno lingine nisingekuwa naandika.

Niliingia chumba cha giza. Sanduku lilikuwa chini ya meza. Vidole vilijua njia: avenyu, namba, bahasha yake. Nikatoa filimu, nikaishika kwa kingo kama nilivyofundishwa, nikaiinua kwenye mwanga wa kidirisha. Alikuwa yeye. Kwenye filimu nyeusi inakuwa nyeupe: koti lake jeupe, maji meusi, mlima umepinduka kichwa chini. Nikaiweka ndani ya shati, kwenye ngozi. Halafu nikaifunga bahasha. Nikaipanga mahali pake, kati ya wenzake, nikanyoosha kingo zote zilingane. Nikafunga kamba. Nikachukua koti.

Naomba mlielewe kosa hili, maana sijaona mtu mwingine duniani ambaye angelifanya. Kwangu mimi mtu alikuwa kwenye filimu. Ukiiba filimu, umemwokoa mtu. Bahasha ilikuwa karatasi tu, nguo ya filimu. Ningeweza kuitafuna nikaimeza. Niliirudisha, tena kwa usafi, kwa sababu patron hakupenda bahasha zilizopinda. Nikarudi gare nikijiona shujaa, hata mama nilimchekea.

Siku ya tatu mzee wa pampu akaletwa gare. Hakuwa na viatu. Sikio moja lilikuwa limepasuka, damu imekauka kwenye kola. Alinitafuta mpaka akaniona, akaja akakaa karibu na mama, akatazama reli.

Akasimulia taratibu. Walikuja na karatasi. Kijana mmoja alisimama mlangoni akasoma jina, avenyu, namba, halafu dada yake na kijiji. Shemeji zake wawili walikuwa uani. Hawakuuliza swali. Walimshika dada yao, bibi yake, mikono, mmoja huku, mmoja huku, ili asimfuate, wakamwambia bwana yake aende tu, nyumba itabaki kwenye familia. Hao nao nawataja. Mmoja bado anaishi mle ndani.

"Alisoma muzuri sana," mzee akasema. "Hakukwama hata fasi moja. Ule aliyeandika aliandika ya kusomeka."

Alijua. Kijiji kile alikitaja kwa mtu mmoja tu katika Kolwezi nzima, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema. Filimu ilikuwa imegandama kwenye kifua changu kwa jasho. Nilifungua kinywa.

"Tata, ulikula?" nikamuuliza.

Akasema hapana. Mama akampa bukari iliyobaki. Hakurudia tena habari ile, na mimi sikuirudia.

Treni ilikuja, tukapanda kwenye behewa la wazi lililozoea kubeba madini. Kwenye stesheni ya Tenke tukasimama, maana kichwa cha treni kilikatwa kikaenda kuvuta mabehewa mengine, tukaambiwa tungoje. Tulingoja siku tano. Siku ya pili mzee akaanza kuhara. Siku ya nne, mchana, watu wakila, akafa, ameegemea upande wa behewa, macho wazi. Mama alipasua kikwembe chake cha pili. Tulimzika nyuma ya tangi la maji, upande wa kushoto wa reli ukitoka Kolwezi, hatua arobaini kutoka kwenye nguzo. Nilizihesabu. Patron alinizoesha kuandika mahali pa kila kitu, na hapo sikuwa na kalamu.

Kasai hatukupaweza. Watu walimcheka mama kwa lugha yake ya Kasai iliyokuwa imekaa Kolwezi muda mrefu. Alipokufa nikarudi, maana mtu anarudi anakojua barabara. Kariere ile sasa ina uzio. Wachina wameyavuta maji yote, mlima umebaki mmoja. Nami napiga foto za pasi.

Patron yuko hai. Tunakutana sokoni, ananiita mwanangu, ananiambia vijana walichukua lile sanduku kwa nguvu. Niliamini kidogo, mpaka kijana mmoja wa wakati ule, ambaye sasa ana kitambi na ni dereva wa taxi-moto, alipokuja kupigwa foto ya leseni. Hakunikumbuka. Tulipokuwa tunangoja mashine ipoe akaanza kusimulia ujana wake, akicheka. Alisema fotografe wa karibu na soko aliwafungulia kamba mwenyewe. Aliwasomea bahasha za kwanza, akawaonyesha mstari wa mwisho ndio wa kutazama. Nikampa foto zake nne. Alisema amependeza.

Basi wote nimewataja. Bado mmoja, na huyo mmemwona akipanga bahasha.

Niliandika mpaka hapo nikaacha; jana nilitoa filimu kwenye Biblia. Imeota ukungu pembeni, na kuna mkwaruzo juu ya mlima. Niliilaza juu ya kioo cheupe cha simu, nikaipiga kwa simu nyingine, nikageuza nyeusi ikawa nyeupe. Sura ikaja. Nilikuwa nimesahau kwamba alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayezuia pumzi. Nikaitoa kwenye karatasi nzuri, nikaenda kwa yule mama kabla mawazo hayajanirudisha.

Mama alikuwa uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nyumba kubwa ni ya kaka yake, mmoja wa wale wawili, yeye anakaa kwenye chumba cha nyuma. Akapangusa mikono, akachukua foto. Aliitazama, akaipindua, akaipindua tena.

"Juu iko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha. "Na mbona aliingia mu mayi na koti ya ndoa?"

Nikamweleza. Nilianzia kwenye pampu, nikaenda mpaka kwenye bahasha. Nilimwambia kwamba kwenye chumba cha giza bahasha niliirudisha mahali pake. Nilimwambia habari ya gare, kwamba alinipa nafasi nikamuuliza kama alikula. Nilimwambia Tenke, tangi, nguzo, hatua arobaini. Kaka yake alitoka akatutazama, akarudi ndani.

"Alikuambia nini, siku ile ya kuandika?" akauliza mwishowe.

"Alisema andika, lakini usiseme."

"Na wewe haukusema."

"Sikusema, mama."

Akacheka mara moja, kicheko kibaya. Akageuza foto, upande mweupe juu, akaiweka kwenye kinu kingine kilichopinduliwa, akanisogezea.

"Uko na biki? Andika."

"Niandike nini?"

"Bile uliandika. Jina yake, avenyu, namba. Na dada yake, na mugini yabo kule Kasai, yote. Mi sijue kusoma, lakini bajukulu banasoma."

Nikaandika. Herufi zangu hazijabadilika, kubwa, zimesimama mbalimbali. Nilipomaliza akaniambia nisome, nikasoma kwa sauti. Akaniambia kwa nguvu zaidi. Nikasoma tena, na mlango wa nyumba kubwa ukafungwa kutoka ndani.

"Na Tenke," akasema.

Nafasi ilikuwa imekwisha. Niliandika pembeni, kwa kupanda: Tenke, nyuma ya tangi, kushoto ya reli, hatua arobaini. Akaichukua, akaipuliza wino ukauke, akaitia ndani ya blauzi.

"Sasa toka kwangu," akasema, akarudi kwenye sombe yake.